Johnny Unitas: Chipukizi aliyetupwa kapuni akaishia kuwa nguli wa kandanda ya Kimarekani

KILA mwaka ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL, inapong'oa nanga, mjadala ule ule huzuka upya miongoni mwa mashabiki: je, chipukizi aliyekabidhiwa usukani wa timu na ambaye sasa anapepesuka atawahi kufua dafu, au ni mzigo unaofaa kutuliwa mapema?

Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto hutambaa kabla ya kutembea, na kwamba mchezaji aliyetoka chuoni juzi hawezi kuhukumiwa kwa mechi mbili tatu. Wapo pia wanaoamini kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na kwamba asiyeonyesha makali yake mapema hatayaonyesha kamwe.

Hoja zinapokwisha na sauti kupanda, jina la marehemu Johnny Unitas halikosi kutajwa. Huyu ni mtu aliyetemwa na klabu yake ya kwanza bila kuruhusiwa kurusha hata pasi moja katika mechi za kujipima nguvu, na ambaye siku alipokabidhiwa timu nyingine, pasi yake ya kwanza iliwazawadia wapinzani bao.

Hata hivyo, alipoaga dunia mnamo Septemba 11, 2002, akiwa na umri wa miaka 69, walikuwepo wengi waliomhesabu kuwa kwotabeki bora zaidi kuwahi kuonekana. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu yana funzo kubwa kuliko lile ambalo mashabiki hulitoa wanapobishana.

Nafasi isiyo na maficho

Ili kuuelewa uzito wa mjadala huu, yafaa kwanza kumfahamu kwotabeki. Mchezo wenyewe hutumia mpira wenye umbo la yai, mithili ya ule wa raga. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi kumi, na karibu kila jaribio mpira hupitia kwanza mikononi mwa kwotabeki.

Ndiye anayeamua, kwa muda wa sekunde chache tu, iwapo atamkabidhi mwenzake akimbie nao au ataurusha mbele, huku majabari yenye miraba minne yakimjia kwa kishindo kumwangusha. Katika zama za Unitas, ndiye pia aliyewachagulia wenzake mbinu ya kila shambulizi, tofauti na siku hizi ambapo mbinu hutumwa na wakufunzi kutoka kando ya uwanja.

Mchezaji mchanga anaweza kufichwa katika nafasi nyingine yoyote akajifunza polepole. Kwotabeki hafichiki. Akikosea, maelfu ya watu humwona, na kosa lake huandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Mwana wa mjane

John Constantine Unitas alizaliwa Mei 7, 1933 katika jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kwenye familia yenye asili ya Lithuania. Pittsburgh ya wakati huo lilikuwa jiji la viwanda vya chuma na moshi wa makaa ya mawe, na vijana wengi hawakutarajia maisha mengine zaidi ya yale ya tanuri na mgodi.

Baba yake alikuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe kwa wateja. Mzee huyo alifariki Johnny akiwa na umri wa miaka mitano pekee, akamwachia mkewe watoto wanne. Mama huyo hakukaa kitako kulia. Aliiendesha biashara ya mumewe, akafanya vibarua vingine, na akasomea uhasibu ili wanawe wasilale njaa.

Wanaoyachunguza maisha ya Unitas huona kwamba ukimya na ustahimilivu uliomtambulisha baadaye uwanjani aliurithi kutoka kwa mama huyo. Alikuwa mtu asiyependa makuu, asiyelalamika na asiyekuwa mwepesi wa kukata tamaa.

Katika shule ya upili ya St. Justin's aling'ara kama kwotabeki, na ndoto yake ilikuwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho sifa zake katika kandanda zilikuwa zimeenea kote Marekani. Chuo hicho kilimtazama kikamwona mwembamba mno. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilikuwa tayari kumpa ufadhili wa masomo, lakini akaanguka mtihani wa kujiunga.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Louisville katika jimbo la Kentucky, ambacho hakikuwa na jina kubwa katika mchezo huo. Huko ndiko alikochezea kuanzia 1951 hadi 1954, chini ya mkufunzi Frank Camp. Alionyesha uwezo, lakini mbali na macho ya wakubwa.

Kutemwa na klabu ya nyumbani

NFL ina utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu huchagua, kwa zamu, wachezaji wanaotoka vyuoni. Mnamo 1955, Pittsburgh Steelers walimchagua Unitas katika raundi ya tisa, akiwa mchezaji wa 102 kwa jumla. Kwa kijana wa Pittsburgh, kuchaguliwa na klabu ya jiji alikozaliwa, hata kama ni mkiani, kulikuwa fahari kubwa.

Fahari hiyo haikudumu. Kambini kulikuwa na makwotabeki wanne wakiwania nafasi tatu. Mkufunzi mkuu Walt Kiesling hakuvutiwa naye, na inasimuliwa kwamba alimwona si mwerevu wa kutosha kuiongoza timu. Mechi za kujipima nguvu zilipita Unitas akiwa benchi, kisha akaambiwa afunge virago.

Alikuwa tayari ameoa, na alikuwa na jamaa ya kulisha. Inaelezwa kuwa aliomba lifti barabarani hadi nyumbani ili asizitumie dola 10 alizopewa za nauli.

Hapa ndipo panapofaa kutuliwa na wanaobishana kuhusu machipukizi. Steelers hawakumpima Unitas wakampata na upungufu. Hawakumpima kabisa. Hukumu ilitolewa kabla ya kesi kusikizwa, na lau hadithi ingeishia hapo, hakuna shabiki hata mmoja ambaye angejua kilichopotea.

Dola sita kwa mechi

Kijana huyo alipata kibarua cha ujenzi, akifanya kazi kwenye mitambo ya kushindilia nguzo za misingi ardhini. Jioni na wikendi aliichezea Bloomfield Rams, timu ya mtaani ya Pittsburgh, kwa malipo ya dola sita kwa kila mechi.

Viwanja vya timu hizo vilikuwa vigumu na visivyo na nyasi za kutosha. Unitas hakuwa kwotabeki pekee. Alicheza pia katika ulinzi na kupiga mikwaju ya kuuondoa mpira katika eneo la hatari. Mtu mwenye kiburi angeona ni heri kuachana na mchezo kuliko kujidhalilisha kiasi hicho, lakini yeye alijua kwamba mkono usiorusha mpira husahau.

Mapema 1956, Baltimore Colts ya jimbo la Maryland ilikuwa ikitafuta kwotabeki wa akiba wa bei nafuu. Meneja wa klabu hiyo, Don Kellett, alimpigia simu, na Unitas akaenda kufanyiwa majaribio mbele ya mkufunzi Weeb Ewbank. Ewbank aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, au hawakujipa muda wa kukitafuta. Alimpa mkataba.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kukaa benchi. Kwotabeki wa kutegemewa alikuwa George Shaw, mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi ule ule wa 1955 ambao Unitas alishika nambari 102. Mbele ya mashabiki wa Baltimore, mmoja alikuwa mwana wa mfalme na mwingine mtumwa wa jikoni.

Siku ya aibu Chicago

Oktoba 21, 1956, Colts walikuwa wageni wa Chicago Bears katika uwanja wa Wrigley Field. Shaw aliumia mguu vibaya, na Ewbank hakuwa na hiari ila kumwingiza kibarua wa zamani wa Pittsburgh.

Pasi ya kwanza ya Unitas ilinaswa na J.C. Caroline wa Bears, aliyetimua mbio hadi mwisho wa uwanja na kufunga tachidauni, bao la pointi sita. Colts waliporejeshewa mpira, Unitas alivuruga jaribio la kumkabidhi mwenzake, mpira ukaponyoka na Bears wakauokota. Kufikia kipenga cha mwisho, wenyeji walikuwa wamejizolea pointi 58.

Ni rahisi kuwazia hali ilivyokuwa Baltimore juma hilo. Kiungo muhimu cha timu kilikuwa kimevunjika, na aliyebaki ni kijana aliyekataliwa na klabu nyingine, tena aliyeanza kwa kuwapa adui mabao. Klabu yenyewe haikuwa na uhakika naye, kwani ilimwita tena Gary Kerkorian, kwotabeki wake wa zamani aliyekuwa amegeukia masomo ya sheria.

Lau kura ingepigwa siku hiyo, ni wachache ambao wangempa Unitas mechi nyingine. Lakini Ewbank alimpa. Alifanya hivyo kwa sababu mbili: alikuwa amemwona mazoezini, na hakuwa na mwingine aliyekuwa tayari.

Juma lililofuata Colts waliwaangusha Green Bay Packers. Baadaye wakaenda kuwashinda Cleveland Browns, mabingwa wa ligi wa 1954 na 1955. Katika mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Washington, Unitas alirusha pasi ndefu kwa Jim Mutscheller dakika za lala salama ikazaa bao la ushindi, na wengi wanaamini ushindi huo ulimwokoa Ewbank mwenyewe asifutwe kazi.

Msimu huo wa kwanza haukuwa wa kutisha. Unitas alifunga kwa pasi tachidauni tisa na pasi zake 10 zikanaswa, nao Colts walishinda mechi tano na kupoteza saba. Aliyetazama hesabu hizo peke yake angesema mjadala haujaamuliwa. Aliyetazama jinsi kijana alivyosimama wima huku akivamiwa, akingoja hadi sekunde ya mwisho kabla ya kuachilia mpira, alikuwa na sababu ya kusubiri.

Pasi zilizobadilisha mchezo

Subira ilivuta heri. Mnamo 1957 Unitas aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi na kwa tachidauni, akifunga 24. Kuanzia mechi ya Desemba 9, 1956 hadi mwishoni mwa 1960, alirusha angalau pasi moja ya tachidauni katika mechi 47 mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu miaka 52, hadi ilipovunjwa na Drew Brees wa New Orleans Saints mnamo Oktoba 2012.

Mafanikio hayo hayakushuka kama mvua. Unitas na mpokeaji wake Raymond Berry, ambaye naye alikuwa amechaguliwa katika raundi ya 20, walikuwa na mazoea ya kubaki uwanjani baada ya mazoezi. Walirudia njia zile zile za kukimbia na pasi zile zile hadi kila mmoja akajua mwenzake atakuwa wapi bila kutazama.

Tunda la jasho hilo lilionekana Desemba 28, 1958 katika uwanja wa Yankee, New York, kwenye fainali ya ligi dhidi ya New York Giants. Zikiwa zimesalia dakika mbili hivi, Colts walikuwa nyuma kwa pointi 17 dhidi ya 14, na mpira ulikuwa katika yadi ya 14 upande wao.

Unitas alimpata Berry kwa pasi tatu mfululizo zilizosogeza timu yadi 62. Steve Myhra akapiga mkwaju wa kusawazisha zikisalia sekunde saba. Kwa mara ya kwanza fainali ya NFL ikaingia muda wa ziada, ambapo wa kwanza kufunga angetwaa taji.

Giants walianza na mpira wakashindwa kusonga. Unitas akaupokea na kuiongoza timu yadi 80 kwa utulivu wa mtu anayetembea shambani kwake, hadi Alan Ameche akapenya na kufunga bao la ushindi. Colts 23, Giants 17. Mamilioni ya Wamarekani waliitazama mechi hiyo kwenye runinga, na wanahistoria wa michezo huihesabu kuwa ndiyo iliyoifanya NFL kuwa kipenzi cha televisheni.

Mwaka uliofuata Colts walitetea taji lao dhidi ya Giants hao hao. Unitas alitawazwa mchezaji bora wa ligi mnamo 1959, 1964 na 1967. Kijana aliyelipwa dola sita alikuwa sasa kioo cha kila mtoto wa Baltimore, akitambulika kwa nywele zake fupi, jezi nambari 19 na viatu vyeusi vya shingo ndefu.

Usukani wageuka

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Mnamo 1968 aliumia kiwiko cha mkono wa kurushia, na nafasi yake ikachukuliwa na Earl Morrall. Katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1969, Colts waliopigiwa upatu walizidiwa na New York Jets kwa pointi 16 dhidi ya 7. Unitas aliingia akiwa ameumia na kuongoza shambulizi lililozaa bao pekee la timu yake. Mkufunzi wa Jets siku hiyo alikuwa Weeb Ewbank, yule yule aliyempa mechi ya pili mnamo 1956.

Januari 1971 alipata taji la Super Bowl, Colts walipoibwaga Dallas Cowboys kwa pointi 16 dhidi ya 13, ingawa aliumia na kutoka kabla ya mechi kumalizika. Miaka miwili baadaye Colts walimuuza kwa San Diego Chargers.

Huko San Diego ndiko mambo yalikogeuka kwa namna ya ajabu. Mnamo 1973 Unitas aliwekwa benchi, na mahali pake pakachukuliwa na chipukizi aitwaye Dan Fouts. Chipukizi huyo alitatizika, na Chargers walishinda mechi mbili pekee kati ya 14 msimu huo. Fouts hakutupwa. Alivumiliwa, akaja kuwa mmoja wa warushaji hodari wa kizazi chake, na mnamo 1993 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima, ambamo Unitas alikuwa ametangulia mnamo 1979.

Unitas alistaafu 1974, akiwa wa kwanza kufikisha yadi 40,000 za pasi katika NFL. Mchezo ulimdai ujira wake. Magoti yalichakaa, na mkono wa kulia uliotikisa viwanja ukadhoofika hata vidole visiweze kushika vitu barabara. Colts walipohamia Indianapolis mnamo 1984, aliuona uhamisho huo kuwa usaliti kwa watu wa Baltimore na akakata uhusiano na klabu hiyo.

Alipofariki kwa mshtuko wa moyo, Peyton Manning, kwotabeki wa Colts ya Indianapolis, aliomba ruhusa ya kuvaa viatu vyeusi vya shingo ndefu kwa heshima yake. Ligi ilikataa na kumwonya kuhusu faini. Manning huyo, katika msimu wake wa kwanza wa 1998, alikuwa amenaswa pasi 28 huku timu yake ikipoteza mechi 13 kati ya 16. Alivumiliwa, akaja kushinda Super Bowl mara mbili.

Funzo kwa wanaobishana

Steelers nao walijifunza, japo kwa gharama. Mnamo 1970 chipukizi wao Terry Bradshaw alifunga tachidauni sita tu na pasi zake 24 zikanaswa. Safari hii klabu haikumtema, na Bradshaw aliiletea mataji manne ya Super Bowl, la kwanza likipatikana Januari 1975.

Hata hivyo, si haki kulitumia jina la Unitas kama hirizi ya kumkinga kila anayeshindwa. Ryan Leaf aliteuliwa wa pili mwaka ule ule wa Manning, akaanza vibaya pia, na hakuimarika licha ya kupewa nafasi. Kuanza vibaya si dalili ya ukuu, kama vile si hati ya mazishi.

Tofauti ya Unitas haikuonekana siku ile ya Chicago. Ilionekana katika mambo yasiyohesabiwa kwenye ubao: kwamba alicheza kwa dola sita ilhali hakuna aliyemtazama, kwamba alibaki mazoezini wenzake wakienda kuoga, na kwamba baada ya kosa la kwanza mkono wake haukutetemeka aliporusha pasi iliyofuata.

Lakini yote hayo hayangemfaa kitu bila mkufunzi aliyekubali kungoja juma moja zaidi. Mashabiki hupenda kuuliza iwapo chipukizi ana kipaji. Maisha ya Unitas yanatukumbusha kuuliza pia iwapo amepimwa kweli, na ni nani aliyempima. Pittsburgh ilikuwa na mwanawe mikononi, ikamwachilia aende zake kwa lifti. Baltimore ilimpokea, ikamvumilia, na mnamo 2002 ikamjengea sanamu mbele ya uwanja wake.